Kurudi kwenye ndege za waya ukiwa na mvi

Nilipoushika tena mpini baada ya miaka zaidi ya arobaini, mkono ulikumbuka kila kitu. Bega lilinyooka lenyewe, kidole gumba kikakaa mahali pake, kama vile jana tu nilikuwa kidato cha pili nikirusha kandege ka mwalimu wetu wa ufundi. Kilichosahau ni kichwa. Mzunguko wa saba uwanja wote ulinigeukia, nikakaa chini bila kupenda, na ndege iliyokula pensheni yangu ya mwezi mzima ikajichomeka mchangani nyuma ya goli. Kundi la jogging lililokuwa likipita lilipiga makofi, likidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Kosa langu lilikuwa moja: nilianza na ndege. Mwongozo huu nimeupanga kinyume. Tutaanza na mwili, twende uwanjani, tushike nyaya, na ndege yenyewe ije karibu na mwisho. Nimeuandika kwa mtu wa Dar aliyewahi kurusha ujanani na sasa ana muda, magoti yanayolia na wajukuu wanaouliza maswali. Asiyewahi kurusha naye anaweza kuufuata, ila aende taratibu zaidi.

Kwa asiyezijua: ndege ya waya haina rimoti. Ni ndege ndogo yenye mota yake, iliyofungwa nyaya mbili nyembamba zinazotokea ncha ya bawa la kushoto hadi kwenye mpini ulioushika. Inakuzunguka kinyume cha mshale wa saa, nawe unageuka nayo ukiwa katikati. Ukiulaza mpini kwa nyuma, waya wa juu unavutika na kuzungusha kipande kidogo cha pembetatu kilichomo ndani ya ndege, kiitwacho belkranki. Belkranki inasukuma kijiti, kijiti kinanyanyua kibao cha mkiani, ndege inapanda. Ukiulaza mbele, inashuka. Anayetajwa sana kwa kuueneza mchezo huu ni Jim Walker wa Portland, Oregon, aliyeuza ndege yake ya Fireball kuanzia miaka ya 1940 na kuuita mtindo huo U-Control, ingawa Oba St. Clair, wa huko huko Oregon, alikuwa amesharusha kwa nyaya kabla yake. Hadi leo upo kwenye orodha ya michezo ya shirikisho la kimataifa la urukaji, FAI, kwa madaraja ya F2: mbio za kasi, sarakasi, mbio za timu na mapigano ya kukatana mikia ya karatasi. Sisi tunataka tu kuzunguka bila kuanguka.

Hatua ya kwanza: pima mwili kabla ya kununua hata msumari

Nenda kituo cha afya upimwe presha na sukari, na umwambie daktari ukweli kwamba utakuwa ukizunguka papo hapo dakika moja au mbili. Asikucheke. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu hata kwa mtu anayeinuka tu kitandani, na ni heri ulijue hilo ukiwa kwenye kiti chake kuliko ukiwa katikati ya uwanja na ndege inakuzunguka. Mwenye kisukari asiende kurusha bila kula.

Macho nayo yana mambo yake. Kama una mtoto wa jicho, shughulikia hilo kwanza, kwa sababu bawa jeupe mbele ya mawingu meupe litakupotea. Kama unavaa miwani yenye sehemu mbili, ya juu kuonea mbali na ya chini kusomea, utasumbuka: ndege ikishuka karibu na ardhi utaitazama kupitia sehemu ya kusomea, na itageuka ukungu wakati ule ule unaoihitaji zaidi. Nilichonga miwani ya pili ya kuonea mbali tu, yenye kamba shingoni. Ndicho kifaa cha kwanza nilichonunua baada ya anguko lile, na mpaka leo ndicho cha maana kuliko vyote.

Sasa zoezi lenyewe. Simama uani mahali pasipo na ngazi, ndoo wala kamba ya nguo, na mtu mzima awe karibu. Nyoosha mkono wako wa kurushia, inua kidole gumba, ukikazie macho. Geuka kinyume cha mshale wa saa kwa hatua fupi fupi, mzunguko mmoja kwa sekunde tano au sita. Usitazame ukuta, mti, wala jirani anayechungulia. Tazama kidole. Fanya mizunguko mitano, kisha simama huku macho yakiwa bado kwenye kidole, uhesabu hadi kumi kabla ya kuangalia kitu kingine.

Sababu ya kidole ni hii. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji inayoiambia akili kwamba unageuka. Ukianza kugeuka majimaji hubaki nyuma, baadaye hukushika, na ukisimama ghafla yanaendelea kwenda, kwa hiyo akili inaamini kuwa sasa unageukia upande mwingine. Macho yakitazama kitu kinachozunguka pamoja nawe, akili hupata pa kushika. Ndiyo maana mrushaji anayeitazama ndege yake anaweza kuzunguka mara thelathini na akawa salama, lakini akiangalia nyumba zinazopita nyuma yake mara moja tu, anayumba.

Ongeza mizunguko miwili kila siku, si zaidi. Siku ukisikia kichefuchefu, acha, urudi nyuma mizunguko minne. Mimi ilinichukua wiki tatu kufika mizunguko ishirini na mitano, na mke wangu aliwaambia majirani kuwa mzee amejiunga na dini mpya. Usiruke hatua hii hata kama wakati wa ujana wako hukuwahi kuihitaji. Wakati huo ulikuwa pia unaweza kula chapati sita usiku na kulala.

Ukishazoea, tafuta ufito wa mita moja na nusu, funga uzi wa mita tatu nchani, na mwisho wa uzi ufunge kipande cha povu gumu jepesi kilichokatwa umbo la ndege. Kizungushe juu ya kichwa kidogo, ukikifuata kwa macho. Zoezi hili linafundisha magoti. Viatu viwe vya soli bapa inayoteleza kidogo ili uweze kugeukia juu yake. Kandambili itakuvua mguu, na raba yenye meno marefu itashika ardhi na kulipindisha goti.

Hatua ya pili: uwanja, na nguzo za umeme

Kwa nyaya za mita 12, ambazo ndizo ninazokushauri uanze nazo, ndege itachora duara la mita 26 hivi kwa upana, ukihesabu na mkono wako. Ongeza mita 15 kila upande ambako hakuna mtu anayesimama. Uwanja wa mpira wa kawaida unatosha vizuri.

Kabla ya kitu chochote, inua macho. Dar ni mji wa nyaya, za umeme juu, za simu chini yake, na tiara za watoto zilizonasa humo tangu mwaka juzi. Umeshika chuma cha mita 12 mkononi. Kikigusa waya wa TANESCO wewe ndiwe njia ya umeme kuelekea ardhini, na kwenye nyaya za umeme mkubwa hata kukaribia tu kunatosha, umeme unaruka. Kanuni yangu ni kupima urefu wa nyaya zangu mara nne kutoka mahali nitakaposimama. Ndani ya umbali huo kukiwa na nguzo ya umeme, nafungasha na kurudi nyumbani, hata kama nimepanda daladala mbili kufika. Na ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shusha ndege uuache mpini.

Viwanja kama Mwembe Yanga kule Temeke, Biafra ya Kinondoni na Tanganyika Packers kule Kawe vina nafasi, lakini vina wenyewe: mikutano, mahubiri, ligi za mtaa. Kilicho rahisi zaidi ni uwanja wa shule. Nenda kwa mwalimu mkuu siku ya kazi, si siku ya kurusha, ukiwa umevaa shati la kuchomekea, na ndege mkononi ili aelewe unachosema. Pita pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mimi nilikwenda na barua ya nusu ukurasa. Aliisoma, akaniuliza kama ndege ina kamera, nikamwambia haina, akagonga muhuri. Droni zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ndege yako ingawa imefungwa nyaya na haiwezi kukutoroka, askari anayeiona kwa mara ya kwanza hataanza kuchambua tofauti. Waandikie TCAA mapema ueleze unachotaka kufanya na wapi, na nakala ikae kwenye begi pamoja na barua ya mtaa. Eneo lote la jirani na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere lisahau. Mimi naishi Ukonga, ndege kubwa zinapita juu ya bati langu kila siku, kwa hiyo hobi yangu naifanya mbali na nyumbani.

Wengi hufikiria ufukwe. Nami nilifikiria. Mchanga wa Kigamboni maji yakipwa ni mgumu na tambarare, na hakuna nguzo. Tatizo ni saa. Siku za bamvua, ambapo maji hupwa mbali kabisa, kupwa kwenyewe huwa karibu na saa nne asubuhi, na saa hiyo upepo umeshaamka. Tena chumvi inakula nyaya na mchanga unaingia kwenye mota. Nenda mara moja kwa ajili ya kumbukumbu, kisha rudi kwenye nyasi.

Muda mzuri ni saa 12:30 hadi saa 2:00 asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaanza. Kusi ikikaza, kuanzia Juni, hata hiyo saa mbili inaweza kuwa umechelewa. Jua la wakati huo liko chini, na ndege itapita mbele yake kila mzunguko ikikupofusha kwa sekunde nzima. Tafuta uwanja wenye miembe au jengo refu upande wa mashariki, mbali kiasi, lilizibe jua. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha hili, nililijifunza kwa kuvunja bawa.

Hatua ya tatu: nyaya na mpini

Nyaya bora ni za chuma kisichoshika kutu, zilizosokotwa kwa nyuzi nyembamba. Kwa ndege ya gramu 400, unene wa milimita 0.3 unatosha. Waliozoea sarakasi za F2B hutumia nyaya zinazokaribia mita 20, lakini hao wana ndege nzito na miguu ya mazoezi. Kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi utapata waya wa chuma wa kufungia ndoana za samaki wakubwa, na pia kamba za kusuka zisizovutika. Vyote viwili vinafaa kwa ndege ndogo. Usitumie mshipi wa kawaida wa nailoni hata kama ni mnene kama tambi. Unavutika kama mpira: unaamuru ndege ipande, mshipi unafikiria kwanza, ndege inatii ikiwa imeshachelewa.

Nyaya mbili ziwe na urefu sawa kabisa. Zitandaze chini, funga upande mmoja kwenye msumari mmoja, vuta zote pamoja, uzilinganishe. Tofauti ya sentimita moja inatosha kuupindisha mpini mkononi. Waya uliojikunja ukaweka kona kali hautengenezeki. Hata ukiunyoosha, nyuzi zimekatika ndani. Tupa.

Mpini nimeuchonga kwa mbao ya mninga iliyobaki kwa fundi samani. Matundu ya nyaya yaachane sentimita 7 au 8 badala ya kumi za kawaida. Ukiyasogeza karibu, mkono wenye pupa unafanya madhara kidogo, na mkono uliokaa bila kazi miaka arobaini una pupa. Paka rangi nyekundu upande wa juu wa mpini na kwenye klipu ya waya wa juu, kwa sababu kuushika mpini kichwa chini ndiko kunakovunja ndege za wazee wengi, na za vijana pia. Weka na kitanzi cha kamba kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono ili mpini ukikuponyoka usiondoke na ndege kuelekea watoto.

Kisha jaribio la kuvuta. Funga kila kitu kama unavyorusha, mtu ashike ndege kwenye belkranki, nawe uvute mpini kupitia mizani ya kuning'inia, ile ya springi wanayotumia wauza samaki. Vuta hadi mara kumi ya uzito wa ndege: ya gramu 400 ivutwe kilo 4. Hewani mvuto utakuwa mdogo zaidi. Ndege hiyo kwenye nyaya za mita 12, ikimaliza mzunguko kwa sekunde tano, inavuta kiasi cha kilo 0.8, chini kidogo ya paketi ya sukari. Lakini mvuto unakua kwa kipeo cha pili cha kasi. Ikizunguka kwa sekunde mbili na nusu badala ya tano, paketi moja inakuwa nne, na kama klipu ni ya kuazima utaiona ndege ikienda Chalinze. Rudia jaribio hili kila asubuhi ya kurusha. Linachukua dakika moja.

Hatua ya nne: ndege yenyewe

Kama bado una injini yako ya zamani, ile ndogo ya Cox ya 0.049, yenye ujazo wa karibu sentimita za ujazo 0.8, najua unachotaka kusikia. Unataka ile harufu. Mafuta ya nyonyo yaliyoungua ni manukato ya ujana wetu. Ila mafuta yake yanataka methanoli, nyonyo na nitromethani. Methanoli ni sumu, ndiyo ile inayopofusha na kuua ikiingia kwenye pombe, na ikiwaka juani moto wake hauonekani vizuri. Nitromethani si kitu cha kuulizia dukani. Tena kelele zake saa 12:30 asubuhi zitamrudisha mwenyekiti wa mtaa akiwa na sura nyingine. Iweke injini kabatini, uipake nyonyo isishike kutu, uinuse siku za sikukuu. Kurudi, rudi na umeme.

Balsa, mti mwepesi uliotumika ujanani, ni adimu kwetu, na mninga wetu utajenga kabati zuri lakini si bawa. Kaboni nayo ni ghali kuvunja. Ndege ya kwanza ijengwe kwa fomubodi, ubao mwepesi wa povu gumu, ya milimita 5 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisini. Bawa liwe na upana wa sentimita 90 toka ncha hadi ncha, na sentimita 20 toka mbele hadi nyuma. Ingiza vijiti vya mishikaki ndani ya bawa kwa gundi kulikaza. Kijiti cha kusukuma kibao cha mkiani ni spoku ya baiskeli. Magurudumu ni soli ya kandambili iliyokatwa duara, na kibao cha mkiani kinajikunja kwenye bawaba ya selotepu. Wajukuu watakusaidia kila mahali isipokuwa kwenye gundi ya moto.

Mambo manne usiyakosee, maana hayaonekani kwa macho lakini ndiyo yanayofanya nyaya zikae zimekaza:

Mizania. Ndege ikiinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, ikae sawa kwenye alama iliyo sentimita 3 hadi 4 kutoka ukingo wa mbele. Mbele zaidi inakuwa nzito kugeuza lakini tulivu. Nyuma zaidi inakuwa na wazimu. Sogeza betri hadi ikubali.

Nyaya zitoke kwenye ncha ya bawa la kushoto nyuma kidogo ya alama hiyo, sentimita moja au moja na nusu. Hilo linaifanya pua ya ndege itazame nje ya duara kidogo.

Mota ielekee nje, yaani kulia, kwa nyuzi 2 au 3, na kibao cha wima cha mkiani kipindishwe kidogo upande huo huo.

Ncha ya bawa la kulia iwe na uzito wa kulipa uzito wa nyaya zilizoko kushoto. Mimi natumia chubwi za wavuvi, gramu 15 hadi 20, nimezibandika kwa selotepu ili niweze kuzipunguza. Ukiona bawa la nje linainama kila mzunguko, punguza chubwi.

Mota isiyo na brashi ya ukubwa wa 2212, KV 1000 (yaani mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti), propela ya inchi 8 kwa 6, kidhibiti cha mota cha ampea 30 na betri ya lithiamu ya seli tatu ya 1,300 mAh: hizo zinatosha kwa ndege hii. Ulizia kwa wanaouza vipuri vya droni na elektroniki Kariakoo. Kitu kimoja cha ziada kinaagizwa: taima ya ndege za waya, inayoiwasha mota polepole, kuishikilia kwenye kasi moja na kuizima baada ya sekunde ulizopanga. Kama kuna ndugu anarudi kutoka nje anaweza kukuletea na betri, mradi aziweke kwenye mkoba wa mkononi. Mashirika ya ndege hayaruhusu betri za akiba za lithiamu kwenye mizigo ya chini, na hii yako, yenye wati-saa 14 hivi, iko mbali na kikomo cha 100.

Betri za lithiamu ziogope kama jiko la gesi. Chaji ukiwa macho na upo hapo hapo, juu ya sufuria kuukuu au ndani ya chungu chenye mchanga. Seli ikijaa ni volti 4.2. Ukiihifadhi kwa wiki kadhaa, iwe volti 3.8. Usiiache kwenye gari lililopigwa na jua la Dar, na ikivimba usiitumie tena.

Hatua ya tano: asubuhi ya kwanza

Panga taima sekunde 60. Ndiyo, 60 tu. Ni mizunguko kumi na miwili, na ukishuka ukiwa bado unataka, utarudi Jumamosi ijayo.

Unahitaji msaidizi mmoja mwenye akili tulivu. Mjukuu wangu wa miaka kumi na minne ndiye wangu. Watoto wengine watakusanyika, hilo halizuiliki. Chora mstari kwa chokaa na mpe mmoja wao, mkorofi kuliko wote, kazi ya kuulinda. Wakishaniamkia shikamoo babu, nawaonyesha propela ikiwa imesimama, na kuwaambia ni pangaboi lisilo na huruma. Wanaelewa.

Simama katikati ukiupa upepo mgongo. Ndege iwe mbele yako, ili upepo unaotoka kwako uisukume nje na kukaza nyaya. Vaa kitanzi, shika mpini, nyekundu juu. Msaidizi akae nyuma ya bawa, asikae mbele ya propela kamwe, na aunganishe betri mwisho wa yote. Ikishaunganishwa, ndege ihesabiwe kuwa inawaka.

Kisha mazungumzo yetu ni haya, kila mara, hata kama tumeshayarudia mara mia:

"Juu!" Nalaza mpini nyuma.

"Kibao kimepanda, babu."

"Chini!"

"Kimeshuka."

"Watu?"

"Wako nje ya mstari."

"Washa. Achia!"

Aachie tu. Asisukume, asirushe.

Ndege itakimbia mita chache na kupaa yenyewe. Hapa mkono wa ujana utataka kuisaidia kwa kupiga kifundo nyuma. Uzuie. Nyoosha mkono wote kama unaisonta ndege kwa fimbo, na uongoze kwa bega: mkono mzima ukipanda kidogo, ndege inapanda. Kifundo kikae kigumu kama cha mtu aliyefungwa plasta. Ipeleke usawa wa mita mbili juu ya kichwa na uiache hapo. Fuata ndege kwa macho, usifuate kitu kingine. Pumua. Nilisahau kupumua mizunguko minne ya kwanza.

Nyaya zikilegea, na upande unaotoka upepo zitalegea siku moja, rudi nyuma haraka hatua mbili tatu hadi zikaze. Usisimame kushangaa. Ukianza kusikia kichwa chepesi, usifumbe macho wala usikae. Ikazie ndege macho, panua miguu, ngoja taima ifanye kazi yake.

Mota ikizima, una sekunde chache. Ndege bado ina kasi, ishushe taratibu huku ukiutanguliza mkono wako mbele yake kidogo kama unaivuta kwenye duara, ukirudi nyuma hatua moja moja. Karibu na ardhi, nyanyua kidogo sana. Ikigusa na kusimama, baki ukiitazama. Hesabu hadi kumi kama ulivyofanya kwa kidole. Msaidizi achomoe betri ndipo uvue kitanzi, ndipo watoto wapewe ruhusa ya kupiga kelele.

Kaa chini, kunywa maji, pumzika dakika kumi. Kurusha mara tatu kwa asubuhi kunatosha mwezi wa kwanza.

Hatua ya sita: baada ya hapo

Ukisharusha mara kumi bila kuvunja kitu, ongeza taima hadi sekunde 90, kisha dakika mbili. Anza kupanda na kushuka taratibu, kama mawimbi ya mashua, upande ambao upepo uko mgongoni mwako. Kisha vuka juu ya kichwa: ipandishe wima, iachie ipite utosini, ishuke upande wa pili, na uivute kabla haijagusa nyasi. Mzunguko kamili wa wima uje baada ya hapo, ndege ikiwa upande unaokwenda upepo, uanzie juu, usianzie chini. Ukifanya mizunguko mitatu ya wima mfululizo nyaya zitajisokota mara tatu; za chuma safi bado zitateleza, ila usizidishe.

Kuruka kichwa chini niliacha kwa hiari. Daktari hakunikataza, ila kila nikijaribu, mkono unaamini jambo moja na kichwa jambo jingine, na fomubodi imepanda bei.

Kabla ya kuondoka uwanjani, zungusha nyaya kwenye kibao cha duara, kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, usizikunje mkononi kama kamba ya mbuzi. Ukifika nyumbani zipanguse kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, halafu kagua klipu moja moja karibu na dirisha, ukiwa umevaa ile miwani nyingine, ya kusomea.